Chikanda, michopo na bukari mbele ya akili mnemba: mashine ipi ya kuchora picha inafaa Lubumbashi?

Mwenye kibanda cha michopo, yaani nyama ya mbuzi ya kuchoma, mtaani Katuba anataka bango. Kijana wa Kamalondo anawatengenezea wamama wauzaji picha za menyu za kutuma kwa WhatsApp. Mwalimu wa lishe anahitaji michoro ya vyakula ambavyo watoto wa mitaa ya Kenya na Ruashi hapa Lubumbashi wanavila kweli. Wote watatu wanauliza jambo moja: kati ya ChatGPT, Gemini, Midjourney, Firefly na modeli za wazi kama Stable Diffusion na FLUX, ipi inakijua chakula cha barabarani cha hapa?

Hakuna inayokijua kwa jina kiasi cha kuiachia kazi peke yake. Ukiandika neno moja tu, "chikanda" (donge la viazi vya okidi na karanga) au "michopo", ukangoja, zote zitakupa kitu cha kwingine kilichopambwa vizuri. Tofauti yenye maana kwa mtu anayechagua ni hii: ipi inakubali kuoneshwa picha yako na kuifuata, na ipi inarudi kwenye mazoea yake hata ukiielekeza. Ulinganisho huu unafuata kipimo hicho. Uzuri wa picha umewekwa nyuma makusudi, kwa sababu leo mashine zote hizi huchora picha nzuri, na nyingi ya picha hizo nzuri ni za chakula ambacho hakiuzwi popote Lubumbashi.

Kosa linaanzia wapi

Mashine hizi zilijifunza kwa kuoanisha picha na maneno yaliyoandikwa karibu nayo kwenye intaneti. Matoleo ya kwanza ya Stable Diffusion, yaliyotoka mwaka 2022, yalifundishwa kwa sehemu za mkusanyiko wa LAION-5B wenye jozi bilioni 5.85 za picha na maneno. Kati ya hizo, karibu bilioni 2.3 zilikuwa na maneno ya Kiingereza, na fungu hilo ndilo lililotumika zaidi. Chakula ambacho watu wachache wamekipiga picha na kukiandikia maelezo kwa Kiingereza kinabaki na alama hafifu ndani ya modeli. Ukikiita, modeli haisemi kwamba haikijui. Inachukua kitu cha jirani chenye alama nzito na kukuchorea hicho.

Ndiyo sababu makosa yake yanatabirika. Nyama ya mbuzi ya makala (makaa) inageuka mishikaki yenye pilipili hoho. Bukari, yaani ugali wa hapa, inageuka viazi vya kuponda. Kitu chochote chenye neno "Afrika" kinawekwa juu ya jani la mgomba au ubao wa mbao, pembeni kikapu, nyuma machweo ya dhahabu. Ukishayajua makosa haya mapema unaweza kuyazuia kwa maneno, na hapo ndipo mashine zinaanza kutofautiana.

Vyakula vya kupimia

Chikanda ndiyo kipimo kikali kuliko vyote, basi tukae nayo kidogo. Inatengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi za porini, za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, vilivyokaushwa na kutwangwa, pamoja na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi kidogo. Huchemshwa huku ikikorogwa hadi ishikamane, kisha makala huwekwa juu ya kifuniko ili uso wa juu ukauke na kuiva. Matokeo yake yana sura ya sufuria iliyoipika: mviringo, bapa juu, ukingo mweusi kuliko katikati. Kipande kilichokatwa ni kizito, kimeshikana, hakina matundu makubwa, haking'ai. Rangi ya ndani ni kahawia yenye wekundu au yenye ukijivu, kufuatana na karanga na kiasi cha magadi, na huonekana chembe ndogo nyekundu za pilipili. Upande uliopitiwa na kisu una mikwaruzo midogo kwa sababu kisu hukwama kidogo.

Mashine huikosea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni soseji: maandishi mengi yanailinganisha chikanda na soseji, hivyo unapata vipande vya waridi, duara kamili, vyenye vidoa vyeupe vya mafuta na ngozi pembeni. Njia ya pili hutokea ukiandika "kahawia" na "kipande" bila zaidi: inatoka keki ya chokoleti, yenye matundu na makombo. Dawa ni kuacha jina kabisa na kueleza kitu chenyewe. Maelezo haya yanafaa kuanzia:

"Kipande cha pembetatu chenye unene wa sentimita 3, kimekatwa kutoka kwenye donge la mviringo lililopikwa ndani ya sufuria. Kahawia yenye wekundu, ndani imeshikana bila matundu, haing'ai, chembe ndogo nyekundu za pilipili. Ukingo wa nje ni mweusi kidogo. Kipo kwenye sahani ya plastiki ya buluu iliyokwaruzika. Picha ya simu, mwanga wa kawaida wa saa nne asubuhi, hakuna mapambo."

Neno "sufuria" ndilo linalofanya kazi kubwa, maana linaondoa umbo la soseji. "Haing'ai" linaondoa ngozi na mafuta. Ukiondoa moja kati ya hayo mawili, soseji inarudi.

Bukari ni rahisi zaidi, lakini ina mtego wa rangi. Ya unga wa mahindi meupe ni nyeupe yenye unyevu juu, laini, haina punje, na hubaki na alama ya mwiko au ya bakuli iliyoiumba. Ikichanganywa na unga wa mhogo inavutika na kuwa na ukijivu kidogo. Mashine hupenda kuipa ncha zilizosimama kama za viazi vya kuponda, kuiweka siagi inayoyeyuka katikati, au kuigeuza ya manjano. Andika "donge laini lililoumbwa kwa bakuli lenye maji, nyeupe kabisa, bila punje, bila siagi". Neno "ugali" husaidia kuliko "bukari", kwa sababu picha nyingi za Kenya na Tanzania zimeandikwa ugali.

Michopo inapotea kwenye kijiti. Hapa nyama ya mbuzi hukatwa kwa panga pamoja na mfupa, vipande havilingani, na hufungwa kwenye karatasi ya kaki na vitunguu vibichi, chumvi na pilipili. Mashine inaleta vijiti, nyama isiyo na mfupa, michirizi myeusi iliyopangwa ya jiko la gesi, na mchuzi mzito unaong'aa. Taja "vipande visivyolingana vyenye mfupa, vimekatwa kwa panga, havikuchomekwa kwenye kijiti, juu ya karatasi ya kahawia yenye madoa ya mafuta". Taja pia jiko: nusu pipa la chuma lililokatwa kwa urefu, wavu wa chuma juu, makala yenye majivu meupe. Usipotaja majivu, moto unatoka na ndimi ndefu za njano ambazo muuza nyama yeyote angezizima.

Finkubala, wale viwavi waliokaushwa, wanatoka wabichi, kijani na wanatambaa. Mandazi ya mviringo yanatoka na tundu katikati na sukari nyeupe juu. Kwa hayo mawili, sentensi moja ya umbo, rangi na ukavu hutosha, na kwa viwavi ongeza "wengi wamerundikwa kwenye beseni, weusi, wamekunjamana, wamekauka".

Msomaji wa Bukavu au Goma ana shida ya aina hiyohiyo kwa sambaza. Mashine inamkuza yule samaki mdogo hadi awe dagaa wa kopo kubwa na kumwekea limao. Kutaja urefu kwa sentimita na kuweka kitu cha kulinganisha ukubwa, kwa mfano kidole cha muuzaji, hurekebisha. Na udongo utajwe: kokoto nyeusi za lava ni za Goma, udongo mwekundu ni wa Lubumbashi. Picha yenye ardhi ya mahali pengine hutambuliwa na wenyeji kabla hata hawajaangalia sahani.

ChatGPT

Machi 2025, OpenAI iliweka uchoraji wa GPT-4o ndani ya ChatGPT mahali pa DALL-E 3. Faida yake kubwa kwetu ni lugha: unaandika Kiswahili cha kawaida na inaelewa, unasahihisha kwa mazungumzo, na orodha ndefu ya masharti hufuatwa vizuri kuliko kwa mashine nyingi. Maneno ya hapa kama michopo au mbabula (jiko la makaa) yaeleze kwa mara ya kwanza, baada ya hapo yatumie bila wasiwasi katika mazungumzo hayohayo.

Kuna mambo mawili ya kuangalia, hasa kwa toleo hilo la GPT-4o. La kwanza ni rangi: picha zake nyingi huelekea unjano, na hili linaumiza chakula cha hapa kuliko vingine, kwa kuwa bukari nyeupe inakuwa kama ya mahindi ya njano na kikombe cha kinywaji cha munkoyo kinabadilika sura. Andika "mizani ya rangi isiyo na unjano, nyeupe iwe nyeupe", na bado rekebisha kwenye simu kwa kusogeza kipimo cha joto la rangi upande wa buluu. La pili ni marekebisho. Ukiomba ibadilishe sahani tu, inachora picha yote upya, na hata ukiipaka sehemu ya kubadilisha, sehemu nyingine husogea. Baada ya marekebisho matatu au manne, ile nyama uliyoipenda imekuwa laini kama plastiki. Kusanya masahihisho yote, rudi kwenye picha ya kwanza, yatoe kwa ujumbe mmoja.

Pia iambie isiongeze kitu. Bila agizo hilo, soko linajaa vikwembe vya rangi kali, vikapu na wanawake wanaotabasamu kwa kamera. Vibanda vya Lubumbashi vina miavuli ya kampuni za simu, ndoo za plastiki, mabeseni, na meka ya kupimia unga. Vitaje hivyo, maana havitakuja vyenyewe.

Gemini

Modeli ya Gemini 2.5 Flash Image, iliyotoka Agosti 2025 na kujulikana sana kwa jina la Nano Banana, haijui chikanda zaidi ya wenzake. Ila ndiyo tunayoiweka mbele kwa mtu mwenye simu tu, kwa sababu inaheshimu picha unayoipakia. Ukiipa picha halisi ya chakula na kuomba ibadilishe mandhari, chakula hubaki karibu kilivyokuwa.

Njia inayofanya kazi: piga picha tatu kwa simu. Ya kwanza, chakula chenyewe kwa karibu, umbali wa sentimita 30 hadi 40, kivulini, bila mwanga wa kamera. Ya pili, chombo au karatasi unayotaka kukiwekea. Ya tatu, mahali: meza, mbabula, ukuta. Zipakie pamoja, kisha sema ipi ni ipi: "Chukua nyama ya picha ya kwanza bila kuibadilisha umbo wala rangi, iweke kwenye karatasi ya picha ya pili, mahali pawe pa picha ya tatu, mwanga utoke kushoto." Mwanga usipotajwa, kivuli cha chakula na cha meza vinaelekea pande mbili tofauti, na jicho la mtazamaji huona kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Wakati mwingine inakurudishia picha ileile bila kubadilisha chochote huku ikidai imeshabadilisha. Usibishane nayo. Anza mazungumzo mapya, pakia tena, omba jambo moja kwa wakati. Picha zake hubeba alama isiyoonekana ya SynthID, inayotambulisha kuwa zimetengenezwa na mashine, na hilo ni jambo jema kwa picha zinazosambazwa.

Midjourney

Hii ndiyo inayovutia zaidi macho na ndiyo ya kuogopa zaidi kwa kazi hii. Imezoea kupendezesha: moshi, mwanga wa dhahabu, mandharinyuma yenye ukungu, bakuli la udongo mahali pa sahani ya plastiki. Ukitaka ukweli, lazima uipunguze nguvu. Weka `--style raw`, shusha `--stylize` kutoka 100 ya kawaida hadi 25 au 50, na tumia `--no` kwa vitu vinavyorudi daima: jani la mgomba, limao, vijiti, ubao wa mbao. Maelezo yaandike kwa Kiingereza, kwa sababu Kiswahili hapa kinatoa matokeo ya kubahatisha.

Inakubali picha ya mfano, na uzito wake unaupandisha kwa `--iw` hadi 3. Hata hivyo huichukulia kama kichocheo cha kuchora kipya, haikihifadhi chakula chako kilivyo. Kwa chikanda hii ni hasara kubwa: rangi itafuatwa, umbo litalegea.

Mpango wa chini ni dola 10 kwa mwezi, unalipwa kwa kadi, na salio la M-Pesa au Airtel Money peke yake halitoshi bila kadi nyuma yake. Jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wamechelewa ni kwamba picha unazotengeneza huonekana na watu wengine, na uwezo wa kuzificha uko kwenye mipango ya juu tu, Pro na Mega. Mwenye mgahawa anayeandaa tangazo la siri alijue hilo kabla ya kulipa. Midjourney tunaipendekeza kwa jalada la kitabu au picha ya hisia. Kwa menyu, hapana.

Firefly

Adobe iliifundisha Firefly kwa picha za Adobe Stock zenye leseni na kazi ambazo haki zake zimeisha. Kwa shirika linaloogopa kesi za hakimiliki, hiyo ni sababu tosha ya kuichagua. Kwa ujuzi wa chakula cha Katanga ni udhaifu, kwa sababu kisichouzwa kwenye ghala hilo la picha hakikujifunzwa. Itumie ndani ya Photoshop kwa kazi ndogo: zungushia eneo, futa mfuko wa plastiki uliotupwa, panua meza upande wa kulia ili upate nafasi ya maandishi. Usiiombe chakula.

Stable Diffusion na FLUX: unapotaka kuifundisha

Mtu mwenye kazi nyingi za aina moja, kama mchapaji wa mabango au mradi wa lishe wenye picha mia, atafika hapa. Modeli hizi hushushwa na kuendeshwa kwenye kompyuta yako au ya kukodi, na zinaweza kufundishwa chakula kipya kwa nyongeza ndogo iitwayo LoRA. Ni njia ambayo mwisho wake mashine inakijua chikanda kweli.

Kabla ya kufundisha, fahamu jinsi zinavyosoma. Stable Diffusion 1.5 na SDXL (toleo lake kubwa la baadaye) husoma maelezo kupitia kisomaji cha maneno kiitwacho CLIP, chenye kikomo cha tokeni 77, yaani vipande vya maneno, kwa fungu moja. Neno la Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko la Kiingereza, hivyo maelezo yaleyale kwa Kiswahili yanajaza nafasi mapema, na sehemu kubwa yake haieleweki. Tafsiri kwanza. FLUX.1, iliyotolewa na Black Forest Labs Agosti 2024, inatumia pia kisomaji kingine, T5, hivyo inavumilia maelezo marefu zaidi, nayo ni hodari wa kufuata mpangilio: nini kiko kushoto, nini kiko juu ya nini. SDXL ina sehemu ya pekee ya kuandika usivyovitaka. FLUX.1 kwa matumizi ya kawaida haina, kwa hiyo unasema kilichopo badala ya kisichokuwepo: andika "nyama yenye mfupa juu ya karatasi" na uache neno kijiti kabisa, maana ukilitaja unaweza kukialika.

Kufundisha LoRA ya chikanda, hatua ni hizi. Kusanya picha 20 hadi 30 za kwako au zenye kibali. Theluthi moja iwe ya karibu kabisa, theluthi kipande kwenye sahani, theluthi donge zima kwenye sufuria au meza ya muuzaji. Badilisha sahani, meza na saa ya siku. Hili ndilo linaloharibu mafunzo mengi: picha zote zikipigwa kwenye sahani moja ya buluu, modeli inaamini ubuluu ni sehemu ya chikanda, na hutaweza kuuondoa baadaye. Punguza kila picha hadi pikseli 1024 kwa upande. Chagua neno la kuitia lisilo na maana popote, mfano `chkdlub`, kisha katika maelezo ya kila picha liweke neno hilo na utaje kila kitu kingine kinachoonekana: sahani, mkono, kivuli, kisu. Unachokitaja, modeli inakitenga. Usichokitaja inakifunga kwenye neno lako.

Kwa SDXL, kadi ya picha ya kompyuta (GPU) yenye kumbukumbu ya GB 12 inatosha. Kwa FLUX, GB 24 huondoa usumbufu. Hatua 1,500 za mafunzo ni mwanzo mzuri kwa picha 25. Hifadhi nakala kila hatua 250, kwa sababu mbili: umeme ukikatika hupotezi usiku mzima, na mara nyingi nakala bora huwa ya kabla ya mwisho. Dalili ya kuzidisha ni kipande kilekile kutoka kila mara kwa pembe ileile, hata ukibadilisha maelezo. Ukiiona, rudi nakala moja au mbili nyuma, au shusha uzito wa LoRA hadi kati ya 0.6 na 0.8. Dalili ya upungufu ni ule uwaridi wa soseji kujitokeza tena pembeni.

Kuhusu leseni: FLUX.1 schnell iko chini ya Apache 2.0 na biashara inaruhusiwa. FLUX.1 dev ina leseni yake isiyo ya kibiashara, isome yote kabla ya kuijengea huduma ya kulipwa.

Kwa mtazamo mmoja

| Mashine | Kiswahili | Inafuata picha yako? | Kasoro ya kutazamia |
|---|---|---|---|
| ChatGPT | vizuri | kiasi, huchora upya yote | unjano, vitu vya ziada |
| Gemini | vizuri | ndiyo | kurudisha picha bila badiliko |
| Midjourney | kubahatisha | kama kichocheo tu | kupendezesha kupita kiasi |
| Firefly | kwa kazi ndogo haihitajiki sana | ndani ya eneo ulilozungushia | haijui chakula cha hapa |
| SDXL / FLUX + LoRA | tafsiri kwanza | ndiyo, ukiifundisha | kuzidisha mafunzo |

Muuzaji mmoja mwenye simu: Gemini na picha halisi. Mwalimu anayehitaji michoro ya kuelezea, isiyodai kuwa picha ya kitu halisi: ChatGPT, kwa maelezo marefu ya Kiswahili. Mchapaji: SDXL yenye LoRA. Na anayeuza chakula chenyewe asichorewe chakula kabisa. Mashine imsafishie mandhari, imwongezee nafasi ya maandishi, imwondolee kivuli, lakini nyama iwe ile atakayoikabidhi kwa mteja. Mteja akilipa franga zake kwa picha ya vipande vinene na kupewa mifupa, lawama anabeba muuzaji, na ni haki.

Gharama nyingine ni mega, yaani data ya intaneti. Picha moja ya PNG ya pikseli 1024 kwa 1024 huwa na MB 1.5 hadi 2. Ukiomba nne na kuzishusha zote, hiyo ni hadi MB 8 kwa jaribio moja. Tazama kwa ukubwa mdogo, shusha ile uliyoichagua tu.

Maandishi na uchapaji

ChatGPT na Gemini huandika maneno mafupi vizuri, "MICHOPO" au "BUKARI NA SOMBE". Sentensi ndefu huanza kurudia herufi, na alama za Kifaransa kama é na ç hupotea au kukaa vibaya. Bei ndiyo hatari zaidi: sifuri moja ikiongezeka kwenye franga, bango zima ni la kutupa. Picha itoke bila neno lolote, na maandishi yawekwe baadaye kwenye Canva au programu yoyote ya simu. Faida nyingine ni kwamba bei ikipanda unabadilisha tarakimu bila kuchora upya.

Kwa karatasi ya kushikwa mkononi, chapa kwa nukta 300 kwa inchi: pikseli 1024 zinakupa sentimita 8.7 tu. Bango la mita 2 linalotazamwa kutoka ng'ambo ya barabara linatosheka na nukta 50 kwa inchi, yaani karibu pikseli 3,940 kwa upande mrefu, hivyo kukuza picha mara 4 hadi 4,096 kunafika. Programu za kukuza kama Real-ESRGAN huishughulikia bukari bila tatizo kwa kuwa ni laini. Kwa chikanda na nyama iliyochomwa hubuni chembe za uongo zinazofanana na wavu. Kuza mara 2, angalia, kisha mara 2 tena, na kabla ya kulipia bango zima mwombe mchapaji akutolee kipande cha sentimita 30 chenye chakula, ukiangalie ukiwa hatua kumi mbali.